Makaratasi ya Chapati

"Mwalimu, haya makaratasi ya chapati mmeyatundika yakauke ili myatumie tena?"

Swali hilo niliulizwa wiki iliyopita na mgeni wetu, kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayeulizia choo kwenye nyumba ya watu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la awali, faili kwapani, kalamu tayari. Nyuma yake mwalimu mkuu. Nyuma ya mwalimu mkuu, wajumbe wawili wa kamati ya shule. Nyuma yao, mama mmoja ambaye hakuhusika na ziara ile hata kidogo, alikuja kufuatilia sweta la mwanawe lililopotea tangu muhula wa kwanza. Wote wakaangalia dirishani. Watoto nao wakaangalia dirishani. Ikabidi na mimi niangalie.

Kwenye nondo walikuwa wananing'inia viboko, samaki, maua ya alizeti na nusu ya kitu ambacho mchoraji wake alishikilia kuwa ni treni. Vyote vilikuwa vya kahawia. Vyote vilikuwa vimejikunja pembe. Na kwa kuwa jua lilikuwa limeshapanda, vyote vilikuwa vinanukia, si vibaya, ila vinanukia jikoni.

"Ni vioo vya rangi," nikasema.

Mgeni akaandika. Maneno manne hayachukui muda wote ule kuandikwa. Mama wa sweta akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akaenda kumalizia kicheko chake chini ya mwembe, ambako sote tulimsikia vizuri.

Sasa ngoja nieleze, kwa sababu siku ile hakuna aliyetaka maelezo.

Yote yalianzia kwenye simu. Kwenye kundi letu la walimu wa awali mtu alirusha video ya darasa la huko ughaibuni: watoto wachache, wasafi, kila mmoja na mkasi wake, wanabandika vipande vya karatasi laini za rangi kwenye madirisha. Jua linapiga, sakafu inajaa rangi, mwalimu anatabasamu, amekaa. Naomba msomaji alizingatie hilo: amekaa. Chini ya video kuna maelekezo. Hatua ya kwanza: safisha kioo cha dirisha.

Dirisha letu halina kioo. Lina tundu, lina nondo, na kwa nje lina ubao wa kufungia ambao bawaba yake moja ilishajiondokea. Kiangazi, upepo wa Julai unaingia na vumbi lote la barabarani, unakaa mbele na watoto, unasoma. Masika tunahamishia mikeka upande wa pili. Nikairuka hatua ya kwanza. Hatua ya pili ilitaka zile karatasi laini. Nilizunguka maduka ya vifaa vya shule hapa Mpanda, kuanzia soko la Buzogwe mpaka Makanyagio, sikuzipata. Muuzaji mmoja alinitolea karatasi za kufungia zawadi za harusi, zinang'aa mpaka unauona uso wako, lakini ukizielekeza juani hazipitishi mwanga hata wa kusingiziwa.

"Hizi ndizo zenyewe, madamu," akanihakikishia. "Maharusi wote wanazichukua."

Zamani jambo hili lingekuwa jepesi. Ningetoka nje ya uzio na kuokota mifuko ya plastiki, ya bluu, ya pinki, ya kijani, nikarudi na madirisha ya kutosha shule nzima. Lakini mifuko ile ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na siwezi kuilaumu marufuku hiyo. Mitaro imepumua, na mbuzi wa mtaani kwetu wameacha kumeza plastiki na kurudi kwenye afya yao. Hilo la mbuzi nitalirudia baadaye, kwa uchungu.

Jibu lilikuja limefunga vitumbua. Mama anayetuuzia vitafunwa getini hufungia bidhaa zake kwenye kurasa za madaftari ya zamani. Saa nne, baada ya kula, nikainua karatasi nikaitupe, nikajikuta nasoma upande wake wa pili bila kuigeuza: 7 × 8 = 54, na alama ya kosa ya kalamu nyekundu. Mwanga ulikuwa unapita.

Hapa nitachelewa kidogo, mtanivumilia, kwa sababu jambo hili bado linaninyima usingizi. Karatasi si nyeupe kwa sababu imepakwa weupe. Karatasi ni rundo la nyuzi za mti, na nyuzi hizo zenyewe hazina rangi, zinapitisha mwanga. Tatizo liko kati yake: kuna hewa. Mwanga ukiingia kwenye uzi unapinda, ukitoka kwenye uzi kuingia kwenye hewa unapinda tena, mwingine unarudishwa, ukikuta uzi mwingine mchezo unaanza upya, mara maelfu kwa maelfu ndani ya unene wa karatasi moja ya daftari. Mwishowe mwanga unapoteza njia, sehemu kubwa inarudi ulikotoka, na wewe unaona weupe. Ndiyo maana chumvi ni nyeupe wakati punje yake moja ni kioo. Ndiyo maana povu la sabuni ni jeupe na sabuni yenyewe ni ya bluu.

Sasa mwagia mafuta. Mafuta yanaingia kwenye zile nafasi na kuifukuza hewa, na mafuta yanaupinda mwanga karibu sawa kabisa na uzi wa karatasi. Wataalamu wana namba ya kupima hilo: hewa ni 1, maji 1.33, mafuta ya alizeti karibu 1.47, uzi wa karatasi karibu 1.5. Kati ya 1.47 na 1.5 mwanga hauoni hata mpaka umeuvuka saa ngapi. Unapita moja kwa moja. Maji nayo yanajaribu. Ndiyo maana shati jeupe la sare likilowa mvua linatangaza fulana iliyo ndani. Lakini maji hayafiki mbali kwa namba, tena yanakauka. Mafuta hayaendi popote. Huko Ulaya, enzi ambazo kioo kilikuwa anasa ya matajiri, watu wa kawaida walifunga madirisha yao kwa karatasi iliyopakwa mafuta, na maisha yakaenda. Nilipolisoma hilo nilijisikia nina ukoo.

Nikawaambia watoto: kesho kila mmoja aje na kifuniko kimoja cha mafuta kutoka nyumbani. Kifuniko cha chupa ya maji, si zaidi. Kitabuni mwalimu wa awali anapewa watoto 25. Mimi nina umati. Lakini kifuniko kwa kifuniko, umati ulikuwa kwa mara ya kwanza upande wangu.

Kesho yake nikapokea alizeti, nyingi tu. Nikapokea mawese ya Kigoma kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikapokea mafuta ya kupaka, kopo zima, na mwenye nalo alitaka arudi nalo. Nikapokea mafuta ya taa, nikayanyang'anya nikiwa natetemeka. Nikapokea oili chafu ya bodaboda kutoka kwa mtoto ambaye baba yake hakuiba chochote, alitoa alichokuwa nacho. Na mtoto mmoja wa mwenye duka akaja na chupa ya lita moja haijafunguliwa, akaniambia kwa kunong'ona kwamba nisimwambie mtu.

Rangi hazikunisumbua. Nyekundu ni rangi ya chakula, ile wanayopikia ubuyu. Bluu ni ya kufulia. Njano ni manjano ya pilau. Kijani ni majani ya maboga yaliyopondwa. Mawese hayakuhitaji kitu, yanakuja na rangi yake ya machungwa, ile ile inayotia rangi karoti. Utaratibu ni huu: mtoto anachora kwenye karatasi, anapaka rangi ya maji, inakauka, halafu kwa nyuma anasugua mafuta kwa kitambaa, kidogo, mpaka karatasi inabadilika usoni pake. Unabandika fremu ya boksi la sabuni kwa gundi ya uji wa muhogo, unatoboa, unapitisha uzi, unatundika.

Walichora viboko, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kupanda basi la Sumbawanga anawafahamu. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Katavi, na pale Sitalike, darajani, ukichungulia Mto Katuma wakati wa kiangazi unawaona wamerundikana kwenye tope lililobaki, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kujaa. Walichora pia treni. Mpanda ndiyo mwisho wa reli. Mtoto wa hapa anajua kwamba treni ni kitu kinachofika, kinapumua, halafu kinarudi kilikotoka.

Na treni ndiyo iliyonifanya nikae macho usiku ule. Reli ya kutoka Kaliua hadi hapa, zaidi ya kilomita 200 za miombo, haikuletwa na wakoloni kwa ajili ya abiria. Ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata risasi, madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Sasa sikilizeni. Madirisha ya rangi ya makanisani, yale yenye watakatifu, vipande vyake vya vioo vimeshikanishwa kwa nini? Kwa risasi. Ni laini, unaipinda kwa mkono kuzunguka kila kipande, kisha unachomelea maungio. Na rangi zenyewe zinatoka wapi? Ardhini. Shaba inatoa kijani. Kobalti inatoa bluu. Dhahabu, ikiwa punje ndogo ndogo zisizoonekana ndani ya kioo, inatoa wekundu mkali. Risasi, shaba, dhahabu: hivyo vyote vimechimbwa Mpanda hii hii. Pengine iko nchi ya mbali ambako mzee anapiga magoti Jumapili mbele ya malaika aliyeshonwa kwa risasi yetu. Na kama hujafika huko, nenda Unguja, mbele ya bandari, ukaitazame ile Zahanati ya Kale ambayo mfanyabiashara Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887: vioo vya rangi mpaka kwenye baraza zake. Malighafi ya kazi ile tumeilalia. Mimi nagombania kifuniko cha alizeti.

Lakini asubuhi ya kwanza ilikuwa yetu. Dirisha letu kubwa linatazama mashariki. Saa mbili na kitu jua likachomoza juu ya bati la jirani, likapiga kwenye karatasi, na rangi zikaanguka mkekani. Darasa likanyamaza, kitu ambacho mimi binafsi sijawahi kukipata kwa amri. Mtoto mmoja akainama akajaribu kuiokota rangi nyekundu. Ikampanda mkononi. Akaitikisa, haikutoka. Akanusa. Mwingine alikunja kaptula ili goti lake lipate kijani. Msichana mdogo kuliko wote akakaa katikati ya kiboko cha bluu akakataa kuhama, na jua lilivyokuwa linapanda kiboko kikawa kinasogea, naye anasogea nacho kwa makalio, taratibu, mpaka wakafika wote wawili ukutani.

Ugomvi wa kugombea rangi ulizuka muda si mrefu. Nikaugawa mkeka kwa zamu.

Kisha vumbi likaja. Hapa kuna jambo la mafuta ambalo wenye maduka hawakwambii. Mafuta ya kitani, yale wachoraji wa Ulaya waliyachanganyia rangi, yakikaa hewani yanakauka kabisa na kuwa ngozi ngumu. Ya mawese hayakauki, yanabaki mafuta hadi kiama. Ya alizeti yamekaa katikati: yanaanza kukauka, yanachoka njiani, yanabaki gundi. Siku chache tu na kila karatasi dirishani ilikuwa mtego wa vumbi, na Julai ya Mpanda haina uhaba wa vumbi. Viboko vya bluu vikawa vya udongo. Maua yakawa ya udongo. Kwa kweli kwa viboko ilikuwa karibu zaidi na ukweli.

Vumbi likafuatwa na sisimizi, waliopanda kwa mstari kutoka sakafuni, kupitia nondo, wakishuka kwenye uzi. Sisimizi wakafuatwa na panya wa usiku, ambao hawakujali mafuta, walifuata gundi ya muhogo. Na hapo ndipo waliporudi mbuzi, wale wale niliowasifia, wana afya na meno. Ubao wa dirisha ulikuwa wazi. Mbuzi mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma nje ya ukuta, akapitisha ulimi kati ya nondo, mbele ya darasa zima lililokuwa linahesabu mpaka kumi, akala safu ya chini. Watoto walihesabu anavyokula. Alipofika kwenye treni alianzia kichwa, akaendelea behewa kwa behewa, na mchoraji akalia kwa sauti ambayo mwalimu wa darasa la tatu aliitikia kutoka upande wa pili wa uwanja. Nilimkuta mbuzi amebakiza mabehewa mawili. Nikayatundika tena, juu zaidi. Hayo ndiyo aliyoyaona mgeni.

Ningeyameza yote hayo, pamoja na makaratasi ya chapati na kicheko cha chini ya mwembe. Kilichonikaa kooni ni kilichofuata. Kumbe ile lita moja ya dukani ilikuwa imetafutwa. Baba akaja, kwa adabu, akauliza kama ni kweli shule imeanza kuchangisha mafuta ya kula. Nikaitwa. Nikakumbushwa kwamba elimu ni bila malipo tangu 2016, na kwamba mchango wowote lazima upite kwenye utaratibu na upate kibali. Nikauliza: hata kifuniko? Nikaambiwa mchango ni mchango. Nikaandika maelezo kwa maandishi, karatasi moja na nusu, nikieleza kiasi cha mafuta, aina, na matumizi. Mafuta ya taa sikuyataja.

Na mtu huyo huyo aliyenikumbusha utaratibu ndiye kwenye semina hutuambia darasa la awali liwe darasa linaloongea, kuta zijae zana, zana zitokane na mazingira ya mtoto, zisiwe na gharama. Zisiwe na gharama. Huwa tunaitikia wote, tunanywa soda, tunasaini, tunarudi. Ruzuku inapigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake inakatwa huko huko kwa ajili ya vitabu, na inayofika ina chaki, karatasi za mitihani na ukarabati vinavyoisubiri mlangoni. Awali tunakuja mwisho wa foleni, kwa sababu watoto wetu hawana mtihani wa taifa. Manila nanunua mimi. Kalamu za rangi nanunua mimi. Mkasi mmoja tulio nao ni wa kwangu wa kushonea. Mazingira ya mtoto wa Mpanda yana vumbi, miti, na mafuta kwenye kifuniko cha chupa. Hivyo viwili vya kwanza nilishavitumia. Cha tatu nimekiandikia maelezo.

Taarifa ya mgeni ilikuja. Ina mstari mmoja unaonihusu: mwalimu aandae zana zinazodumu.

Nimejaribu mengine tangu siku ile. Karatasi za pipi zinapitisha mwanga vizuri sana, lakini ili upate karatasi lazima mtu ale pipi, na wazazi wameshaniletea meno. Tulibandika punje za mahindi na maharage kwa mpangilio wa rangi, kuku wakazila. Vishada vya karatasi kwenye nondo vilidumu mpaka upepo ulipofika, yaani mpaka mchana.

Wiki ijayo tunahamia kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao ni bure, haupitishi mwanga na hauliwi na mbuzi. Mama wa sweta amenisimamisha getini kuuliza kama na huo utahitaji mafuta. Sweta bado halijapatikana.